Koti Jekundu la Jabez Pobjoy

Jumanne, 12 Mei

Kasisi Prudence katangaza. Siku ya tamasha la kijiji, mzao wa mwanamgambo wetu wa 1779 atavaa koti jekundu na kuongoza bendi. Mwaka ule kijiji kilitakiwa kutoa askari mmoja tu kwa kura, nayo ilimwangukia babu wa babu zangu, Jabez Pobjoy. Msaga unga, hajapata kuona bahari, akaenda kulinda pwani Wafaransa wasivuke! Nimemtundika sebuleni. Picha yake haipo, nimeichora mwenyewe.

Kasisi anataka ushahidi kabla ya Jumamosi. Tatizo ni jirani yangu Hester Tuckett. Anadai koti ni la ukoo wao. Hester huyuhuyu aliyenishinda kwenye mashindano ya maboga mwaka jana. Na mwaka juzi.

Jumatano, 13 Mei

Ofisi ya nyaraka mjini. Kalamu za wino marufuku, penseli tu, na kasha moja kwa mtu. Mpango wangu safi kabisa: kuwahi mlangoni, kuchukua kasha la kura za 1779, kulikalia mpaka wafunge. Hester atasoma nini, dari?

Nimewahi. Nimelikumbatia kasha kutwa nzima. Jina lipo: Jabez Pobjoy, kura imemwangukia. Yaliyofuata ni mwandiko kama kuku kapekua, sikuhangaika nao. Hester hakulalamika. Aliomba kasha la malipo ya askari, akasoma huku anatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Ijumaa, 15 Mei

Mambo yameharibika. Hester kaja uani, kaniuliza kwa upole kama niligeuza ukurasa. Nikasema sikuona haja.

“Ungegeuza, jirani. Jabez wako aliangukiwa na kura, akamlipa mtu aende badala yake. Sheria iliruhusu. Mtu mwenyewe ni Isaac Tuckett wangu, mwezeka mapaa.”

Nikabisha. Labda Jabez aliumwa. Akajibu kwamba ndiyo, aliumwa woga.

Kisha akanisomea aliyonakili. Isaac kakaa hemani miaka mitatu, matope hadi magotini, viatu vinaozea miguuni. Mkewe Joan na watoto wanaishi kwa posho ya parokia. Wenzake wanatoroka, yeye yupo. Muda wake ukaisha, akaweka alama ya msalaba badala ya saini kwa kuwa hakujua kuandika, akaanza upya. Nimelia, nakiri. Sijapata kumheshimu mtu kiasi hicho, na wala si wa kwetu.

Jumamosi, 16 Mei

Nimeduwaa. Hester kamwomba Kasisi koti nipewe mimi.

“Isaac alitembea kwa niaba yenu miaka mitatu,” kaniambia. “Safari hii Pobjoy atembee mwenyewe. Kanisani hadi darajani, basi. Utaweza, mzee?”

Nikaapa mbele ya Kasisi. Kwa heshima ya Isaac nitatembea hata kwa magoti. Mwanamke muungwana kweli, Hester. Nimeona haya kwa lile kasha.

Jumatatu, 25 Mei

Tamasha. Mvua ya kukata na shoka, na upepo. Koti la sufu likilowa linakuwa zito kama ng'ombe. Nimefika hadi lango la kanisa, nikaona kilima cha kupanda kabla ya daraja, nikafikiri haraka.

Nikamvuta Hester pembeni. Nikamwahidi pai yangu ya nyama ya nguruwe, nzima, haijaguswa, kama atanishikia zamu. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akalivaa koti.

Akaongoza bendi wima, maji yakimchuruzika puani, bila kuharakisha hata hatua moja. Askari kamili yule! Nimemtazama kupitia dirisha la baa, kifua kimenijaa fahari. Nikawaeleza wote waliokuwa karibu na moto kwamba hii ni desturi ya ukoo wetu tangu 1779: kijiji kikihitaji askari, Pobjoy hakosi kumpeleka.