Likizo ya Mtumishi Nambari 418

"Kwa watumishi wote wa Idara ya Mahusiano na Jua, pamoja na jua lenyewe: kuanzia leo Jumatatu hadi Ijumaa alasiri, jua haliruhusiwi kufanya jambo lolote la ghafla. Endapo litapatwa na dharura, litoe taarifa kwa maandishi siku saba kabla, kupitia kwa Mkurugenzi."

Waraka ulipigwa muhuri, kisha ukapigwa muhuri wa pili wa kuthibitisha ule wa kwanza. Nakala moja ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nyingine ilibandikwa kwenye dirisha la mashariki, maandishi yakitazama nje, ili mhusika asije akasema hakuiona.

Sababu yake ilikuwa njema kabisa. Alhamisi saa nane mchana Waziri angekuja kukagua kazi, na Mkurugenzi hakupenda kuaibishwa mbele ya wageni, hata na nyota.

Katika chumba cha picha alikaa binti mmoja ambaye ofisi nzima ilimwita Kimya. Alikuwa na shahada ya fizikia na sauti ndogo mno. Akikuambia habari za asubuhi, ungedhani ni wewe uliyewaza. Kazi yake ilikuwa kupokea picha za jua na vipimo vinavyotumwa na chombo chenye ukubwa wa kabati la nguo, kilichokuwa mwaka wa sita sasa kikiizunguka sayari ya Zuhura. Zuhura haina ngao ya sumaku kama dunia yetu. Upepo wa jua ukivuma, huipiga sayari ile waziwazi na kuiparura hewa yake kidogo kidogo. Chombo kilikuwa kikipima kinachoparurwa. Kimya alikipenda hadi akakiita mdogo wangu, ila kimoyomoyo, maana kwa sauti angeona haya.

Idara haikukiita chombo. Sheria inasema kazi ya serikali itafanywa na mtumishi wa serikali, na kabati, hata likiruka, si mtumishi. Kwa hiyo kabla ya kurushwa kiliajiriwa. Kilipewa faili, nambari 418 na daraja la tatu. Kilipimwa afya na kufaulu, ingawa daktari aliandika kwamba mapigo ya moyo hayakupatikana, aje tena.

Jumatano asubuhi, jua likakohoa.

Kimya aliona mmweko kwenye picha, mweupe kama sahani iliyovunjikia jikoni. Nyuma yake likachomoza wingu la chembe za moto, limeshika njia ya Zuhura moja kwa moja. Alipiga hesabu mara tatu. Lingefika Alhamisi saa tisa. Chombo kikilala kabla ya hapo, vifaa vyake vyote vimezimwa, kingepona. Kikiwa macho kingeungua, na miaka sita ingeyeyuka.

Akaenda kwa Mkurugenzi.

"Jua limelipuka, mkuu. Naomba kibali tumlaze mtumishi 418."

"Limelipuka?" Mkurugenzi akavua miwani. "Waraka halikuuona?"

"Ulibandikwa dirishani, mkuu."

"Upande gani?"

"Mashariki."

"Basi limeuona. Huo ni ukaidi, na ukaidi una taratibu zake. Wewe unataka nini hasa? Waziri anakuja, mimi nimtolee mtumishi anayelala kazini?"

"Ataungua, mkuu."

"Akiungua akiwa kazini, hilo ni jambo la heshima. Aliye juu mngoje chini, binti. Litatulia lenyewe."

Kimya alitoka macho yamemjaa maji, akajificha masijala, kwenye makabati ya mafaili. Huko alitawala mama mmoja mnene, mwenye funguo nyingi kiunoni, aliyeitwa Mama Faili. Alisikiliza habari yote huku akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Kulala kazini, hapana," akasema. "Hilo ni kosa. Lakini likizo, mwanangu? Likizo ni haki. Huyu mdogo wako amekwenda likizo lini?"

Kimya akashtuka kusikia neno la moyoni mwake likitamkwa hadharani. "Hajawahi, mama."

"Miaka sita! Punda wa kukodi anapumzishwa, sembuse mtumishi mwenye faili?" Akachomoa fomu. "Andika. Sababu ya likizo?"

"Kujikinga na jua."

"Anwani wakati wa likizo?"

"Zuhura. Ile ile."

"Mwenza wa ndoa?"

"Hana."

"Afadhali yake. Sasa, kaimu. Nani atamshikia kazi?"

"Mimi," Kimya akasema mara moja.

"Wewe daraja lako dogo. Anakaimu bosi wake wa karibu." Mama Faili akafungua faili, akalamba kidole, akafunua kurasa. Taratibu uso wake ukachanua kama mtu aliyeokota alichokuwa hakitafuti. "Bosi wake wa karibu ni Mkurugenzi. Aliomba mwenyewe, ili jina lake liandikwe chini ya kila picha."

"Hatakubali kusaini!"

"Atakataa akisoma. Nimekaa masijala hii miaka ishirini na sita, sijamwona akisoma karatasi mbele ya mgeni. Ila mimi sitaipeleka. Yeye ni mdogo wako, si wangu."

Alhamisi Waziri alifika saa nane na dakika kumi. Fundi wa mitambo alikaa mkono juu ya kitufe, akisubiri karatasi yenye saini, kwani bila saini hata chafya asingeirusha angani. Mwisho wa kutuma amri ya kulala ulikuwa saa nane na nusu. Mkurugenzi alikuwa katikati ya hotuba.

"... na kutokana na hatua tulizochukua, Mheshimiwa, jua sasa ni tulivu na lina nidhamu ..."

Saa nane na dakika ishirini na tano. Kimya akamfikiria mdogo wake kule, peke yake, macho wazi, akitazama wingu linakuja na hana wa kumwambia fumba. Akasogea mbele.

"Naomba saini, mkuu!"

Sauti ilitoka kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe aligeuka kuona nani amesema.

"Nini hiyo?" akauliza Waziri.

"Likizo, Mheshimiwa. Mtumishi hajapumzika miaka sita."

"Miaka sita! Mkurugenzi, hivi unawalea watu au unawakamua?"

Mkurugenzi akacheka kicheko cha wageni, akasaini kwa madaha, na kurudi kwenye hotuba. Kimya alikwishakimbia. Fundi akabonyeza. Dakika tisa baadaye jibu likarudi kutoka Zuhura: *vifaa vimezimwa*. Kimya akaruka, akamkumbatia fundi, akaomba radhi, akamkumbatia tena.

Saa tisa kamili Waziri alitaka kuona picha ya jua. Kioo kilikuwa cheusi.

"Mtumishi yuko likizo, Mheshimiwa," akasema Mama Faili, akishika fomu kwa mikono miwili kama mtu anayesoma hati ya urithi. "Lakini kaimu yupo. Majukumu: kulitazama jua mahali pasipo kivuli, na kutoa ripoti kila dakika kumi. Kaimu ni Mkurugenzi. Saini yake hii hapa, mbichi."

Mkurugenzi akaikodolea macho saini yake.

Waziri alimkumbatia. "Mwenyewe? Nimetembelea idara kumi na nne, kiongozi wa namna hii sijamwona! Wapigapicha, njooni! Paa liko wapi?"

Dhoruba ilipita. Jumamosi 418 aliamka mzima, akatuma picha safi kuliko zote, na vipimo vya hewa iliyoparurwa, ambavyo hakuna aliyewahi kuvipata mapema hivyo baada ya dhoruba. Kimya alilia juu ya meza.

"Amerudi!" Mkurugenzi akapaza sauti kutoka juu ya paa. "Nishuke!"

"Bado, mkuu," Mama Faili akamjibu kutoka uwanjani. "Ana siku mia moja sitini na nane za likizo, alizolimbikiza. Hizo picha anatuma kwa mapenzi yake tu. Na kukabidhiana ni ana kwa ana, mkuu, kwa saini za pande zote mbili."

Ripoti zilishuka kwa kamba kila dakika kumi, na Kimya akazifungulia faili. *Saa tano na dakika kumi: jua lipo. Saa tano na dakika ishirini: jua lipo, limesogea. Saa tano na nusu: nimelionya kwa mdomo.*

Saa saba alimhurumia, akapanda ngazi na mtungi wa maji baridi. Mwavuli ulikatazwa, ungeleta kivuli. Mkurugenzi alikunywa hadi tone la mwisho. Pua yake ilikuwa imeanza kuambuka.

"Binti," akasema kwa sauti ndogo, ndogo kuliko ya Kimya, "huyu wa Zuhura ... alivumiliaje miaka sita?"

Kimya akafikiri, maana lilikuwa swali zuri la kisayansi.

"Sijui, mkuu. Hakuna aliyewahi kumuuliza."