Kumtafutia Mama Kitanda

Jumatatu, 3 Februari

Mama kafanyiwa upasuaji wa nyonga. Aliteleza kwenye barafu nje ya kanisa, kabeba bakuli la viazi na nyama. Bakuli lilipona.

Bi Renee, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, katupatia orodha ya nyumba za uuguzi na mazoezi ya viungo. Tuchague kabla ya Alhamisi saa sita mchana, ama Mama apelekwe popote penye nafasi. Mama hataki mengi: apande tena ngazi nne za nyumbani kwake, kwa miguu yake mwenyewe.

Dada LaVonne kashaandika maswali ishirini na mawili. Wauguzi wangapi usiku? Mazoezi yapo Jumapili? Mimi nina swali moja: kahawa ikoje? Kahawa mbovu, kila kitu kibovu. Miaka hamsini na sita sijakosea. (Ukiacha lile gari nililonunua. Na ile boti.)

Jumanne, 4 Februari

Nyumba ya kwanza. Kahawa safi! Nikawahoji wazee watano kwa siri. Wahudumu wanawajali? Si mbaya. Chakula? Si mbaya. Mmoja supu imemmwagikia mapajani, naye anasema si mbaya. Huku Minnesota ndivyo tulivyo, kulalamika ni aibu! Baba alibanwa na trekta, jirani akaja mbio, Baba akamuuliza, mkeo hajambo?

Utafiti wote bure. LaVonne akapiga simu kuuliza nimegundua nini. Nikasema si mbaya. Akakata.

Jumatano, 5 Februari

Mbinu mpya: kupeleleza kutoka ndani. Nyumba ya pili nikaingia bila miadi, nikakalia kiti cha magurudumu kilichokuwa kitupu, nikavuta kamba ya kengele, nikatazama saa. Dakika moja na nusu!

Akaja Shawna, binti anayewafanyisha wagonjwa mazoezi, mabega kama mlango wa ghala. Haya mzee Gunderson, akasema, jana ulinikimbia, leo hutoki. Ningemwambia kakosea mtu? Angeona aibu, maskini! Akanifunga mkanda kiunoni, akanipandisha na kunishusha ngazi za mazoezi dakika arobaini. Gunderson mwenyewe alikuwa pale mezani na karata zake, akimsihi Shawna asinionee huruma.

Mara LaVonne akaingia na mkurugenzi, yeye kwa miadi. Mkurugenzi akamuuliza kama tunafahamiana. LaVonne akasema hajawahi kuniona.

Jioni Bi Renee kapiga simu: tumeamua wapi? LaVonne anataka hii ya pili. Lakini ni vibaya kumwagiza mtu mwenye kazi nyingi hivyo! Nikamwambia popote patakapokuwa rahisi kwake, asijisumbue.

Alhamisi, 6 Februari

Kumbe Bi Renee ni mtu wa Texas! Kule ukisema jambo, watu wanalichukua hivyo hivyo. Rahisi kwake ni penye nafasi leo: maili tisini kutoka hapa. Gari la wagonjwa liko mlangoni. LaVonne akaniuliza, mbele ya wauguzi, kama mdomo huu nilipewa wa kusemea au wa kupitishia keki tu.

Bi Renee akamwinamia Mama, akamuuliza kama maili tisini ni sawa. Nikafumba macho. Jibu la Mama nalijua: si mbaya.

Mama akanyoosha blanketi lake. Akasema hapana.

Hapana! Mama ana miaka themanini na mmoja, nami sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwake. LaVonne akaketi. Mama akaendelea kusema kwamba anataka kwa yule binti aliyemtoa jasho Verlyn, yaani mimi; LaVonne kamsimulia yote. Kama kaweza kulinyanyua jitu hilo, yeye Mama atamshinda vipi? Bi Renee akakimbilia simu. Kule nyumba ya pili kitanda kimebaki kimoja. Tukakipata saa sita kasoro dakika kumi.

Jumapili, 9 Februari

Mazoezi ya Jumapili yapo. Mama kapanda ngazi mbili, kisha akakasirika kwamba hazikuwa nne.

Baadaye mkurugenzi kaitisha mkutano wa jamaa za wagonjwa. Nani ataongoza kamati, akusanye malalamiko ya wazee? Wote tukatazama viatu. Mkurugenzi akanitazama mimi. Nikasema, basi, kama hakuna mwingine. LaVonne akaziba uso kwa mkoba.

Naanza kesho. Nimeshapanga: nitapita meza kwa meza, niwaulize kwa upole kabisa kama kuna lolote linalowasumbua. Safari hii watafunguka.