Nimewapakulia Wakwe Ua la Plasta

Leo nimeaibika, jamani. Tena mbele ya mama mkwe!

Nyie mnajua mimi kutulia siwezi. Leo Mama Muhindo amevuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, hadi kwetu Bwera, pamoja na kaka yake na Muhindo mwenyewe, kuja kuniangalia kama nafaa kuolewa na huyo mwanawe. Tangu asubuhi niko mbioni. Nimefagia uwanja wetu. Nikafagia na wa jirani (hakuniomba). Mama yangu akachoka.

"Masika, kaa chini! Unanipa kizunguzungu."

Kukaa? Nikakimbilia plasta zangu. Mimi hutengeneza maua ya plasta ya kupamba ukuta, na kalibu za kuyamiminia ninaziunda mwenyewe kwa chochote kilicho karibu. Leo kilichokuwa karibu ni kikapu cha kupakulia obundu, ugali wetu wa muhogo. Nikakitandika nailoni, nikaweka udongo chini, nikachimba umbo la ua kwa kijiko, nikamimina plasta. Juu nikailainisha kwa maji. Nyeupe, laini, duara! (Hapo mwenye akili angeshtuka. Mimi nilijisifu.) Kuku wakaanza kuizungukia, nikaifunika na kuiweka jikoni.

Mara wageni hao! "Masika, leta chakula!"

Nikaruka. Jikoni kuna vikapu viwili, vimefanana kama mapacha. Nikagusa kimoja, cha moto. Nikakibeba mbio. Sasa sikilizeni: plasta ikianza kukaza hutoa joto yenyewe. Bwera nzima hakuna anayelijua hilo kama mimi, na leo limenitoka kichwani! Uzito niliusikia. Nikasema moyoni, mama leo amesonga kweli.

Nikapiga magoti, nikawanawisha mikono, nikaweka kikapu, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Mjomba wa Muhindo akafanya ishara ya msalaba, akasali sala ndefu. Akabariki plasta yangu, na mikono iliyoitayarisha.

Mama Muhindo akafunua. Akamega. Wapi! Akatabasamu, akamega tena. Ukucha ukalia ka!

"Bugali ya Uganda iko nguvu," akasema kwa adabu. Mgeni halaumu chakula.

"Tunasonga sana, mama," nikajibu. (Mdomo huu!)

Mjomba akachukua kijiko, akagonga. Ko, ko, ko. "Muhogo yenu munatoa wapi?"

"Karambi," akajibu mama yangu, jasho limeshaanza kumtoka.

Mjomba akapenyeza vidole pembeni, akavuta. Ikatoka nzima! Udongo ukaangukia kwenye sombe. Akaigeuza, na huko chini ua limekaa, majani yake yote yamekamilika. Zuri, tena!

Muhindo akaangalia dari. Mimi bado nimepiga magoti, natamani ardhi inimeze.

"Masika," mama akaita polepole, na hiyo ndiyo sauti yake mbaya kuliko zote. "Obundu iko wapi?"

Nikaeleza yote bila kupumua: kalibu, kuku, joto, vikapu. Katikati nikaanza kulia. Niliona wazi nimemkosa Muhindo kwa sababu ya haraka zangu, na ninampenda yule mtu, jamani.

Mama Muhindo akalichukua lile ua. Akalifuta kwa pindo la kitenge chake, akaligeuzageuza.

"Ni weye umefanya hii?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Na mikono yako?"

"Na mikono yangu."

Akamtazama kaka yake. Akanitazama mimi. "Mutoto huyu tutamuchukua," akasema. "Na hii ua nitaitundika ku ukuta ya nyumba yangu."

Nikashusha pumzi, nikajipangusa machozi. Kumbe hajamaliza.

"Lakini bugali, Muhindo, utakuwa unasonga weye."

Sasa niko jikoni, nimeamriwa nisiguse kitu. Kwa hiyo tafadhali, nyie msicheke. Walioko sebuleni wanatosha.