Klematiti ya Mama Émérance

Jumatatu, tarehe 7 Septemba
Ushindi! Mama Émérance amepanda boti ya Bukavu asubuhi. Dada yake amejifungua, atakaa kule mwezi mzima. Na chungu chake cha klematiti, lile ua la zambarau linalopanda ukuta, ameniachia mimi. Mimi, Donat, mwalimu wa jografia mstaafu, mjane wa miaka mitano. Si jirani yangu Papa Jafari, dereva wa zamani, ambaye kila mutu wa mtaa wetu wa Himbi anamsifu kwa bustani yake.

Na si ua la mchezo. Marehemu mume wake ndiye aliyelipanda. Siku ile volkano ilipotutimua wote hadi Sake, Mama Émérance aliacha godoro na sufuria, akabeba chungu hicho kichwani. Leo bandarini nilimuuliza tena kama atakubali nimuoe. Akasema akirudi ataangalia kwanza ua, halafu atanijibu.

Jumatano, tarehe 9 Septemba
Nimepata akili. Chungu kinabebeka, mizizi haibebeki! Nikilipanda ua kwenye ukuta wangu, likashika, mwenyewe ataenda wapi? Atalifuata.

Jafari akachungulia juu ya ukuta, akanishauri bila kuulizwa. Ati klematiti inataka jua kichwani na baridi miguuni. Ati mawe ya lava mchana yanachoma. Ati kama ni lazima, nitafute udongo wa Kalengera, shina nilizamishe chini kidogo. Nikamwambia nimefundisha volkano miaka thelathini. Maharage ya Rutshuru yanastawi kwa nini? Majivu! Akashuka ukutani. Hana hoja.

Jumamosi, tarehe 12 Septemba
Jembe limegonga jiwe kabla halijaingia vidole vitatu. Goma hii! Nimechimba kwa nondo tangu asubuhi, kiuno hakipo tena. Shimo lina ukubwa wa bakuli, lakini ni shimo. Nimelijaza majivu ya babula, jiko langu la makaa, yaliyotoka chini ya maharage ya mchana. Bado ya moto, yaani nguvu zake zote zimo. Nikapanga mawe meusi kuzunguka shina, pambo tu.

Jafari alipita barabarani, akatazama, akatikisa kichwa. Wivu.

Jumatatu, tarehe 14 Septemba
Limeinamisha kichwa. Lote! Nimegusa jiwe moja saa sita mchana, nikaunguza kidole. Nimemwaga ndoo mbili za maji. Yamepita kwenye lava kama kwenye chujio, hata udongo haukulowa. Udongo gani? Sikuweka udongo.

Jumatano, tarehe 16 Septemba
Jeusi. Shina, majani, kila kitu. Nimekwenda parokiani kuomba maji ya baraka. Padri akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema ni wa familia. Akataka kuja kumpaka mafuta, nikasema hali yake si ya kuonwa na watu. Huo haukuwa uongo.

Alhamisi, tarehe 17 Septemba
Limekufa. Nimeling'oa na kulirusha upande wa Jafari, kwenye takataka zake. Wakilikuta, walikute kwake.

Kisha nikakaa juu ya ndoo mpaka jua likazama. Nampenda yule mama. Hilo ndilo linaloniua. Alikimbia moto na ua hilo kichwani, mimi nimelichoma kwa majivu ya maharage.

Ijumaa, tarehe 2 Oktoba
Anarudi Jumapili. Sokoni Virunga nimezunguka sana. Maua ya plastiki yapo, lakini yamesukwa mashada ya mazishi. Muuzaji akanipa pole, akauliza marehemu ni nani. Nikachagua shada la zambarau.

Nimelifumua, nikafunga ua mojamoja kwenye waya ukutani. Ukisimama hatua kumi, huwezi kujua. Nimeyanyunyizia maji kidogo yaonekane hai. Nimeanza kupumua.

Jumapili, tarehe 4 Oktoba
Hakusimama hatua kumi.

Alitoka bandarini moja kwa moja, na mizigo yake mkononi. Akaenda hadi ukutani, akashika ua moja, akaligeuza nyuma na mbele. Mimi nilikuwa naeleza habari za mbolea.

"Papa Donat," akasema polepole, "haya maua nayajua. Niliyaweka juu ya sanduku la mume wangu."

Habari za mbolea zikaishia hapo.

Kumbe mke wa Jafari, Mama Fatouma, alikuwa amemwona akiingia. Akaja na ndoo ndogo. Jafari alikuwa ameikuta mizizi takatakani, akakata iliyokauka, akaizamisha kwenye udongo wa Kalengera, kivulini nyuma ya jiko. Vichipukizi vitatu, urefu wa kidole! Mama Émérance akaipokea ndoo kwa mikono miwili, akalia. Nililia pia, peke yangu, kando. Halafu akamwomba Mama Fatouma waendelee kulitunza wao mpaka lipande ukuta.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu lile jibu langu. Akasema anaomba tu chungu chake. Ikabidi nikamwage kwanza majivu niliyokuwa nahifadhi humo.

Jumanne, tarehe 17 Novemba
Wiki sita. Mama Émérance ananisalimia kwa adabu, kama mutu anavyosalimia polisi. Sina hamu ya chakula. Kila jioni namsikia kwa Jafari, anacheka, analisemesha ua lake.

Lakini leo! Tawi moja la klematiti limevuka ukuta, linaning'inia upande wangu, na ua moja la zambarau. Upande huu ni wangu kabisa. Nikilikata kipande, nikalipanda, likashika, mwenyewe ataenda wapi?

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Majivu yalikuwa machache. Shimo la sasa lina ukubwa wa karai, na maharage yamebakiza dakika kumi kuiva.