Dole Gumba Langu na Visanduku Vinane

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Dini, nyuma ya soko.

YAH: KUKATAA KUTIA DOLE GUMBA KWENYE FOMU YA HUDUMA KWA JAMII

Mheshimiwa, ambaye kwa umri ni mwanangu kabisa,

Pokea salamu, na ukishapokea, kaa kitako. Mimi ndiye bibi wa nyumba ya mlango wa kijani, karibu na mashine ya kusaga. Shule sikwenda, kwa hiyo maneno ni yangu na mwandiko ni wa mwanafunzi wako, huyu binti wa bweni mnayemleta kwangu kila Jumamosi anihudumie. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Akipamba nitajua, maana atakuwa anatabasamu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Unasema siku hizi dini haiishii darasani. Mtoto lazima atoke akaitende kwa wahitaji, na mhitaji atie dole gumba kwenye kisanduku kila Jumamosi. Jumamosi nane zimepita, visanduku vyangu vinane ni vitupu, na visipojazwa kufikia Ijumaa binti ataanguka somo la Dini. Ukaniuliza kwa upole nina tatizo gani. Ninayo sita. La saba nimelimeza.

1. Ufagio. Uwanja huu naufagia tangu wewe hujazaliwa. Niliposikia kuna wageni Jumamosi ya kwanza, niliamka mapema nikafagia, kwani mgeni hapokelewi na takataka. Binti akafika na ufagio wake mpya, akakuta uwanja unang'aa, akaanza kulia kwamba atakosa alama. Wiki ya pili mwalimu wake akaja mwenyewe kuniomba, kwa heshima zote, niuache uwanja mchafu. Mwanangu, nimeombwa mengi duniani, lakini uchafu ilikuwa mara ya kwanza. Nikamjibu kwamba nitaacha kufagia siku nitakayoacha kupumua, na hata siku hiyo nitajitahidi nifagie kwanza.

2. Chungu. Chungu changu cha maharage kina miaka ishirini na kilikuwa kimekolea. Binti alikisugua kwa sabuni ya unga mpaka ndani. Chungu hunywa, Mheshimiwa. Wiki mbili nzima maharage yangu yalitoa povu, na jirani yangu fundi cherehani akawa ananiuliza kupitia ukutani leo nafua nini.

3. Chumvi. Macho yangu huona watu. Vitu vidogo nimeviachia mikono. Binti akanipangia jiko upya, vikopo kwa urefu kama askari wa gwaride. Nikatia sukari kwenye mchuzi na chumvi kwenye chai, kisha nikamkaribisha fundi cherehani kikombe. Alikunywa yote, akasema asante mama. Siku ile aliyetoa huduma ni yeye, lakini yeye hana fomu.

4. Picha. Mwalimu alitaka picha ya mhitaji ya kubandika ukutani shuleni. Nikavaa gauni nililoshonewa harusi ya mjukuu wangu, nikacheka mpaka jino la mwisho. Akaniomba nivae la jikoni na nitazame chini. Kumbe mhitaji hacheki! Nimemzika mume na watoto wawili bila kutazama chini, nije nitazame chini kwa ajili ya ukuta wenu?

5. Fomu yenyewe. Imeandikwa: "Hali ya mhudumiwa: duni, duni kiasi, duni sana." Nikauliza "hajambo" iko wapi. Haipo. Chini yake: "Mhudumiwa alionyesha shukrani?" Binti akajaza "kiasi." Hapo simlaumu, ilikuwa wiki ya povu.

6. Nani kamhudumia nani. Huyu mtoto alikuja hajui kuwasha jiko la mkaa. Alikuwa anapuliza kwa mbali kama anayezima mshumaa. Leo analiwasha kwa kijiti kimoja. Hakujua kukanda unga, kushona kifungo, wala kumsalimia mtu bila kutazama saa. Dini yenu alikuwa ameikariri yote, na akinisomea unasikia raha. Lakini wiki ya tano kifua kilinibana, akasimama pale mlangoni kama nguzo, akaniuliza afanye nini, kwa sababu kwenye fomu haikuandikwa. Nikamwambia: kaa. Akakaa. Akakaa mpaka mlinzi wenu akaja kumtafuta. Somo hilo nililitoa mimi, nikiwa nimelala, bila chaki. Sasa nitie dole kwamba mimi ndiye niliyehudumiwa? Tangu lini mwalimu akafundisha, halafu akatia sahihi ya mwanafunzi?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu nilio nao, jina langu litolewe kwenye orodha ya wahitaji na liingizwe kwenye orodha ya walimu, juu kidogo ya mwalimu wa picha. Binti ndiye aandikwe mhitaji: hali yake duni kiasi, anaendelea vizuri. Na kwa kuwa mkubwa ndiye wa kuonyesha njia, naomba wewe mwenyewe uletwe kwangu kwa Jumamosi nane. Njoo na ndoo yako. Fomu yako nitaitengeneza mimi, na kile kisanduku cha shukrani nitakijaza kwa mkaa. Tukishindwa kuelewana, basi Mungu, ambaye ndiye mwenye somo, aseme nani amefaulu na nani arudie. Nitasubiri jibu lake kwa maandishi.

Fomu yenu naiambatisha humu, haina hata alama moja ya dole.

Nisalimie walimu wote, hata yule wa picha. Msalimie mpishi wa bweni, mwambie watoto wanamsema, aongeze chumvi; akikosa, kwangu ipo kwenye kopo la sukari. Msalimie mlinzi wa geti aliyengoja nje siku ile bila kunung'unika. Na mama yako mzazi kama yu hai, mwambie alizaa mtu mpole.

Wako mtiifu, kwa mambo machache,

Bibi wa mlango wa kijani.
(Dole sitii hata hapa, msije mkalikata mkalibandika kwenye fomu.)

Tanbihi: Lile la saba limenikwama kooni, bora nilitoe. Tangu Jumamosi ya kwanza binti aliniambia kwamba visanduku vikijaa vyote, mtoto huhamishiwa kwa mhitaji mwingine. Ndiyo maana sikuvijaza. Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia andika, usinitazame. Sasa, Mheshimiwa mwanangu, geuza hiyo fomu niliyosema haina dole. Alama nane za dole zimo, na ya tisa imeniponyoka pembeni, ihesabuni nayo. Mtoto asianguke kwa ukaidi wa mzee. Pale kwenye hali, tumeweka alama kwenye "duni sana," kwani nasikia wa hapo ndio huongezewa muhula na mtoto yuleyule. Basi mleteni. Jumamosi sitafagia.