Mwanaume Kamili kwa Siku Nne

Jumatano, 4 Juni
Binti yangu kapiga simu. Jumapili anakuja kuona kama naweza kuishi peke yangu tangu mama yake atutoke. Nikishindwa, nyumba inafungwa, nahamia kwake. Sitaki! Bahati nzuri mimi ni kinyozi. Kibandani nina rundo la majarida ya wanaume niliyokusanya kwa miaka thelathini, wateja huyasoma wakisubiri zamu. Majibu yote yamo humo.

Alhamisi, 5 Juni
Tatizo. Jarida la zamani kabisa linasema mwanaume halii wala haingii jikoni. La katikati linataka kifua kama mlango. La mwezi huu linataka apike, ajipake mafuta usoni na alie mbele za watu. Nimemuuliza fundi viatu, jirani yangu. Kasema visigino hubadilika kila msimu, mguu ni ule ule. Tangu anifunge drafti amekuwa mwanafalsafa. Nitafuata yote.

Ijumaa, 6 Juni
Pushapu kumi na mbili. Ya kumi na tatu mgongo umekataa. Mchana nimejibandika tango na asali usoni. Mteja kachungulia, karudi alikotoka. Fundi viatu kamfariji.

Jumamosi, 7 Juni
Siku ya mchuzi. Nikafungua droo kutafuta mwiko. Marehemu mke wangu alikuwa hatupi karatasi. Droo zote alizitandika kurasa za majarida yangu. Chini ya mwiko: “Ishara Kumi za Mwanaume wa Kweli.” Zote kazikata kwa mstari wa penseli. Pembeni kaandika: “Wangu hana hata moja. Anakoroma. Ananichemshia chai.”
Nikakaa sakafuni. Mchuzi ukaungua. Nililia, na sikukumbuka ni jarida lipi linaloruhusu.

Jumapili, 8 Juni
Binti kafika mapema. Kakuta sufuria nyeusi, mimi nimepinda kama ndoano, sisimizi wanatafuta asali shingoni. Hotuba niliyoiandaa ikaniruka. Droo ilikuwa bado wazi. Kainama, kasoma mwandiko wa mama yake.
Kisha akaniuliza, “Baba, siku hizi chai unamchemshia nani?”
Nikasema nachemsha vikombe viwili, mazoea hayana dawa. Cha pili namwaga.
“Cha leo usimwage.”
Akavuta kigoda, akanywa chote, ingawa nilisahau sukari. Alipoondoka kasema nyumba haifungwi, ila kila Jumapili atakuja kunywa kile cha pili.
Nimeshinda! Nimetafakari sana ni nini hasa kilichomgeuza moyo. Ni tango, hakuna kingine. Kesho naanza ukurasa wa tisa wa jarida la mwezi huu: ndevu ndefu, alama ya busara. Kinyozi mwenye ndevu hadi kifuani, wateja watajipanga. Fundi viatu nimemficha siri hii, asije akaniiga.