Kovu Langu la Manyara

Jumatatu, 1 Agosti 1949. Didia.
Wachimbaji wawili wamerudi kutoka Geita na ndui. Daktari ameweka meza uwanjani. Anafanya utafiti: kila mtu achanjwe, siku ya nane akague mikono, aone dawa imewashika wangapi. Karani atakayemsaidia zaidi atapata kazi ya kudumu. Na baiskeli! Makarani tuko wawili, mimi Athanas na Thobias. Thobias hata kufunga tai hajui. Baiskeli yangu.

Jumanne, 2 Agosti.
Nimehutubia sokoni saa nzima. Nimesema chanjo haiumi, mimi mwenyewe nilichanjwa zamani. Uongo mtupu. Nikiona wembe wa kuchanjia natafuta mlango, hata kunyolewa nafumba macho. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Mageni, muuza pombe, alipotaka kuliona kovu. Nikasema vifungo vya shati hili ni vigumu, aningoje hadi Alhamisi, siku ya chanjo. Thobias akacheka. Ana meno mengi mno yule.

Jumatano, 3 Agosti.
Akili ni mali! Kila mji hapa umezungushiwa ua wa manyara, na utomvu wake huunguza ngozi, mchunga mbuzi yeyote anajua. Nimevunja kijiti, nimepaka matone matatu mkono wa kulia. Kimya. Nikaongeza sita. Kisha mengine ya bahati. Mayu wane, mama yangu, unavyochoma!

Alhamisi, 4 Agosti.
Mkono umevimba kama kibuyu cha maziwa. Nimevua shati mbele ya umati. Mama Mageni akauliza kama hivyo ndivyo chanjo inavyomfanya mtu. Nikajibu kwa fahari kwamba ndivyo hasa. Kufumba na kufumbua uwanjani tumebaki mimi, Thobias, Daktari na meza. Hata mwanangwa, mkuu wa kijiji aliyewaita watu mwenyewe, ametimua mbio.

Jioni tumesikia mtoto wa mchimbaji mmoja naye ameshikwa na ndui. Mama Mageni amewaficha wajukuu wake wanne porini, wasichanjwe. Kwa sababu yangu.

Ijumaa, 5 Agosti.
Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwasihi warudi uwanjani, nikasema yote. "Si chanjo hii. Ni manyara. Niliogopa wembe." Watu wamecheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Mageni hakucheka.

"Basi anza wewe," akasema.

Mezani kwa Daktari nikatoa mkono wa kushoto, nikafumba macho, nikangoja maumivu. Nikangoja sana. Daktari akaniambia niondoke, alikwisha maliza zamani. Mama Mageni akawaleta wajukuu wote wanne, na nyuma yao mstari hadi kisimani. Thobias ndiye aliyeandika majina, maana vidole vyangu havikunjiki. Baiskeli kapewa yeye.

Alhamisi, 11 Agosti.
Kesho ukaguzi. Wajukuu wa Mama Mageni wana malengelenge mazuri kabisa, dawa imeshika. Kijiji kizima imeshika. Nimefurahi, kwa kweli, ingawa Thobias amepita mlangoni kwangu mara tatu akipiga kengele.

Mkono wangu wa kushoto laini kama yai. Sababu naijua. Ijumaa ile nilitoka mezani moja kwa moja hadi kisimani, nikausugua kwa sabuni, dawa isije ikaniwasha. Sasa Daktari anasema ambaye haikumshika atachanjwa tena, mbele ya watu wote.

Nimefikiri sana juu ya kosa langu la mara ya kwanza. Nimeliona: matone yalizidi. Safari hii tone moja tu. Kijiti nimekwisha kata.